Joto la Nahodha

Naanza na kosa langu ili msije mkalisikia kwa watu. Mwezi wa Januari, katikati ya mchezo, mimi Rhonda Hnatiuk, nahodha wa timu ya wanawake ya curling, mchezo wa kutelezesha mawe kwenye barafu, hapa Drobot, Manitoba, Kanada, kwa miaka kumi na minne, niliyeyusha barafu kwa kiganja cha mkono wangu mwenyewe.

Nje kulikuwa na baridi ya nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Ndani ya ukumbi wa barafu, baridi ya chumba cha kuhifadhia nyama. Nilikuwa nimesimama kwenye maduara yaliyochorwa upande wa mwisho, nimeshika ufagio kumwonyesha wifi yangu Colleen pa kulenga jiwe lake, ndipo joto likanipanda, lile la mwanamke anayekoma hedhi. Lilianzia kifuani, likapanda shingoni, likafika masikioni, na ndani ya nusu dakika nilikuwa nachuruzika mpaka soksi. Nikachuchumaa, nikaweka kiganja juu ya barafu. Jamani! Raha niliyoipata pale sijawahi kuipata hata kwa Darcy, na Darcy ni mume wangu wa miaka ishirini na saba.

Sasa, katika mchezo wetu hiyo ni dhambi. Jiwe lina kilo kama ishirini, linateleza kwa utaratibu kabisa, na wenzako wawili wanafagia mbele yake ili lifike mbali. Doa la maji lenye ukubwa wa sarafu linatosha kuliharibu. Watoto wa miaka sita hufundishwa wasiweke goti wala mkono. Jiwe la Colleen lilikuja vizuri, zuri kama nini, likafika kwenye alama ya kiganja changu, likatetemeka, likageukia pembeni kana kwamba limeitwa na mtu. Hatuna refa sisi. Aliyekosea husema mwenyewe. Nikasimama nikasema, "Ni mkono wangu." Ukumbi mzima ulisikia. Mchezo tukaupoteza.

Siku mbili baadaye Colleen akaja nyumbani na keki ya tende. Drobot, mtu akikuletea keki na hujafiwa, kaa chonjo.

"Hujambo wifi? Nimepita tu."

"Umepita na keki?"

"Ilibaki."

Hakuna keki iliyowahi kubaki kwa Colleen. Ana wanaume wanne ndani, mmoja kamuoa na watatu kawazaa, na wote wanakula kama mashine. Alikaa bila kuvua koti. Tuliongelea hali ya hewa, kisha barabara, kisha hali ya hewa tena.

"Tulikuwa tunaongea na wasichana," akasema mwishowe. Wasichana wenyewe ni wenzetu wa timu, Gail mwenye miaka hamsini na mitatu na Tamsin wa miaka ishirini na minne. "Tunakuonea huruma, wifi. Hilo joto lako. Tumeona labda upumzike kidogo. Mimi nishike unahodha, kwa muda tu."

"Muda gani?"

"Mpaka likuishe."

"Colleen, likiisha nitakuwa na miaka sitini!"

"Basi utapumzika vizuri."

Nilikula vipande vitatu vya keki nikifikiria jinsi ya kumkaba kwa kile cha nne. Lakini sisi hatukabani. Tukakubaliana hivi: wiki ya tatu ya Februari kuna mashindano ya wanawake ya wilaya. Nikiyamaliza bila joto kunishinda, unahodha ni wangu. Likinishinda, ufagio wa nahodha ni wake.

"Wala usijisikie vibaya, wifi," akaniambia mlangoni, na hapo hapo nikajisikia vibaya.

Mtaniona mtu wa mambo madogo kwa kung'ang'ania cheo cha kijiji. Semeni. Mimi nauza vipuri vya matrekta. Wanaume wanaingia dukani, wananitazama, wanauliza kama kuna mtu huko nyuma anayejua. Nyumbani Darcy ananiuliza chumvi iko wapi naye kaishika. Ni juu ya barafu peke yake ndipo nikiinua ufagio watu watatu wanafanya ninachosema. Nikikosa hilo, nabaki na nini? Niliogopa, waziwazi niliogopa, na ile hofu nayo ikawa inanichochea joto kana kwamba la kwangu halikutosha.

Nikaenda zahanati kuomba vidonge. Nesi akaangalia faili langu. Niliwahi kupata damu iliyoganda mguuni, kwa hiyo vidonge vya homoni kwangu ni mwiko. Akaniandikia jina la Daktari Thibodeau, mwanasaikolojia anayetoka mjini kila Jumanne mchana kufundisha wanawake kuishi na joto hilo katika chumba cha chini cha maktaba yetu.

"Mwanasaikolojia?" nikamuuliza. "Joto liko kifuani, mama, haliko kichwani."

"Nenda tu, Rhonda. Kuna kahawa ya bure."

Nikaenda. Tulikuwa wanawake saba, tumekalia viti vidogo vya watoto wa kipindi cha hadithi, magoti yamefika videvuni. Daktari alikuwa binti wa kama miaka thelathini, kavaa sweta la sufu mpaka kooni, mbele ya wanawake saba wanaojipepea kwa vitabu vya picha. Lorna Fehr, mfuga nguruwe, mwanamke mwenye sauti ya kuita mifugo, akamkata kabla hajamaliza kujitambulisha.

"Daktari, wewe yameshakukuta haya?"

"Bado."

"Haya, tunakusubiri."

Binti hakukasirika, na hapo nikampa alama moja. Akatuambia bila kutuzunguka: hakuahidi kuliondoa joto. Mwili una ratiba zake. Lakini kuna joto lenyewe, na kuna yale mtu anayojiambia joto likimpanda, na hayo ya pili ndiyo yanayotia kuni. Tungejifunza kupumua polepole kutoka tumboni, tungejifunza kuyakamata mawazo yetu na kuyahoji, halafu angetufundisha kuituliza akili mpaka itue kabisa, na ikishatua tuipe picha ya baridi.

"Yaani utatulaza usingizi?" Lorna akauliza.

"Hapana. Mtakuwa macho, mmetulia tu."

"Mimi nilikuja kulala."

Jumanne ya pili akatuambia tufumbe macho. Kwa sauti laini akatuhesabia pumzi, akatulegeza mabega, na mimi nikaanza kweli kuzama. "Sasa," akasema, "uko mahali penye theluji. Theluji nyeupe, safi, inaanguka taratibu, inafunika kila kitu..."

Huyu binti anaishi ghorofani mjini, ambako theluji huondolewa na watu wengine. Wanawake saba wa Drobot waliona theluji, na wote saba wakaona koleo la kuizolea. Mimi niliona njia ya gari ya kwetu, theluji ya magoti, na Darcy dirishani na kikombe chake, ananionyesha kwa kidole sehemu niliyoiruka. Uso ukawaka. Nikafumbua jicho moja. Lorna alikuwa mwekundu kuliko kiazi chekundu cha supu ya borshi.

"Mabomba ya nguruwe yameganda," alikuwa anasema, macho kafumba. "Yote. Yote yameganda, pumbavu kabisa."

Mwingine alikuwa analalamikia betri ya gari. Wa pembeni yake alikuwa amevua sweta. Daktari akatutazama, akaandika kitu kwenye daftari lake, akasema kwa upole kwamba pengine kila mmoja ajitafutie baridi yake mwenyewe nyumbani.

Lorna alirudi wiki iliyofuata kapata: busu la mume wake wa kwanza. Alisema anaweza kulitumia hata kwenye banda la nguruwe mwezi wa Julai. Mimi nilihangaika siku nne. Nilijaribu mto, friji, sehemu ya maziwa dukani. Hakuna kitu. Halafu siku moja nikiwa nakata vitunguu, akanijia mama mkwe wangu Stefka, Mungu amrehemu. Ilikuwa Jumapili ya kwanza nilipompikia borshi. Alionja kijiko kimoja. Akakiweka chini. Akatazama dirishani, kisha akauliza, "Huko kwenu mnapika hivi?" Pale mezani ilishuka baridi ya kugandisha maziwa. Nikasimama na kisu changu mkononi, nikapumua polepole, nikakaa ndani ya ile Jumapili, na jasho likanikauka mgongoni. Miaka ishirini na saba nimetafuta faida ya yule mwanamke, kumbe ndiyo hii!

Nikaanza mazoezi kwa bidii ya mtoto wa shule. Mteja yuko mbele yangu ananieleza mkanda wa trekta, joto linaanza kifuani: navuta pumzi polepole, naitoa polepole zaidi, Stefka anaweka kijiko. Joto lilikuja mara nane kwa siku kama zamani, siku nyingine saba, nyingine tano. Lakini sasa lilipita kama mteja anayeangalia tu na hanunui. Nililala vizuri. Darcy alisema nimekuwa mtu wa kupendeza, nikamwambia aache utani.

Kilichobaki ni karatasi ya mawazo. Kila joto likija, uandike ulichojiambia. Yangu ilikuwa na sentensi moja imejirudia ukurasa mzima: *Wananiona wote. Wanasema nimekwisha.* Daktari aliisoma, akavua miwani.

"Umejuaje?"

"Najua tu."

"Umewauliza?"

Nikacheka kwa dharau. Drobot hatuulizani mambo kama hayo. Jirani yangu aliachwa na mumewe, na kwa miaka miwili tuliendelea kumwuliza kama Ken, huyo mumewe, hajambo.

"Iulize timu yako," akasema. "Swali moja: walipoona joto limekupanda, walifikiri nini? Andika majibu yao uniletee. Huenda kichwa chako kinakudanganya."

"Nitawauliza," nikamwambia, na kwetu hiyo maana yake ni hapana.

Mashindano yakafika. Ijumaa tulishinda michezo miwili, na joto lilinipanda mara tatu bila kunifanya kitu. Jumamosi mchana tukakutana na wanawake wa Swan Hollow katika nusu fainali, na mpaka raundi ya mwisho tulikuwa sare. Likabaki jiwe moja, na lilikuwa langu, kwa sababu nahodha ndiye hutupa la mwisho. Jiwe lao lilikuwa limekaa karibu na kitovu cha duara, limejificha nusu nyuma ya jingine la ulinzi. Nikaenda kule mwisho kushauriana na Colleen, ambaye hushika nafasi yangu nikiwa natupa.

"Lipite kushoto, wifi, polepole," akasema. "Likae tu hapo katikati. Kulia hapapindi. Tangu asubuhi hapapindi."

"Nitapita kulia, niligonge la kwao litoke."

"Kulia jiwe litakwenda moja kwa moja."

"Mimi naona linapinda."

"Halipindi, wifi."

Na hapo hapo joto likanipanda, kubwa, la kutoka jasho kwenye kope. Watu mia na ushei kwenye baa ya juu, nyuma ya vioo, wananitazama. Zamani ningefoka, ningevua glavu, ningetukana. Nikapumua. Stefka akaweka kijiko. Joto likanizunguka, likachoka, likaenda zake. Sijawahi kuwa mtulivu namna ile toka nizaliwe. "Kulia," nikamwambia Colleen kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, nikarudi, nikainama, nikalitupa jiwe kwa mkono usiotetemeka hata kidogo.

Lilikwenda moja kwa moja. Halikupinda hata unywele. Likapita kando ya jiwe la Swan Hollow kama majirani walionuniana, likaenda kugonga ukingo wa nyuma. Tukashindwa.

Kwetu washindi huwanunulia walioshindwa kinywaji cha kwanza, mnakaa meza moja, mnasifiana uwongo. Swan Hollow wakafanya hivyo, kisha wakaondoka kwenda kujiandaa kwa fainali, tukabaki wanne kwenye baa ya juu: mimi, Colleen, Gail na Tamsin. Mimi nilikuwa nimefurahi vibaya sana. Mchezo tumepoteza, sawa, lakini joto halikunishinda, na makubaliano yetu yalikuwa ya joto. Unahodha ulikuwa wangu. Kiburi kikanipanda, nikataka niusikie ushindi wangu kwa masikio yangu. Nikatoa karatasi ya daktari.

"Nina swali la hospitali," nikasema. "Pale mwisho joto liliponipanda, mlifikiri nini?"

Gail akamtazama Tamsin. Tamsin akatazama glasi yake.

"Joto lipi, anti?"

"Lile! Si nilikuwa mwekundu kama nyanya?"

"Wewe siku zote mwekundu," Gail akasema. "Sote wekundu. Tunafagia."

"Haya, na wiki ile niliyovua sweta katikati ya mchezo nikabaki na fulana?"

"Nilidhani unaringishia fulana," Gail akasema tena.

Nilikuwa naandika majibu. Kalamu ikaanza kupunguza mwendo. "Subirini kwanza. Kama hamlioni, kwa nini mlitaka nipumzike?"

Chini yetu mawe yalikuwa yanagongana, timu nyingine zikicheza. Colleen akaanza kubandua karatasi ya chupa yake, kipande kwa kipande.

"Uliyeyusha barafu," Gail akajaribu.

"Mara moja! Miaka kumi na minne, mara moja!"

Tamsin ni mtoto mzuri, lakini mama yake ni mtu wa Toronto, kwa hiyo adabu yetu hakuipata yote. Akaweka glasi.

"Anti, wewe husomi barafu. Hujui jiwe litapinda wapi. Tunakwambia, husikii. Leo umeambiwa mara tatu, nimehesabu."

"Tamsin," Colleen akasema.

"Si ameuliza?"

Nikamgeukia wifi yangu. "Tangu lini?"

"Wifi, achana naye..."

"Colleen. Tangu lini?"

"Tangu walipobadilisha mashine ya barafu."

Mashine ya barafu ilibadilishwa miaka tisa iliyopita. Mimi nilichangia sambusa za kuchemsha, zile tunazoziita pirogi, kwenye sherehe ya ufunguzi. "Miaka tisa hamkuniambia?"

"Tungekwambiaje? Ungejisikia vibaya." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Halafu ukapata hilo joto, tukasema afadhali. Joto si kosa la mtu. Nilipika keki kabisa, wifi. Nilitaka uondoke vizuri."

Hapo ndipo nikawaka. Joto hili halikuanzia kifuani. Lilitoka tumboni, likapanda taratibu mpaka kwenye mizizi ya nywele, na nikajua mara moja kwamba homoni hazikuhusika. Nilikuwa nimeona aibu. Nikapumua, vuta polepole, toa polepole zaidi. Stefka akaja, akaonja, akaweka kijiko, na kwa mara ya kwanza nikakumbuka kwamba ile borshi kweli ilikuwa mbaya. Nilisahau siki. Joto la aibu likabaki pale pale kunitazama.

Iliniuma. Sitawaficha. Iliniuma kuliko kuitwa mzee, kwa sababu mzee si kosa langu. Nilitaka kuinuka nikapige magoti kwenye barafu niyeyushe ukumbi mzima. Badala yake nikakunja karatasi ya daktari, nikaisukuma mezani.

"Kesho saa tatu tunagombea nafasi ya tatu," nikamwambia Colleen. "Ufagio shika wewe."

"Lakini makubaliano..."

"Makubaliano yalikuwa ya joto. Joto nimelishinda."

"Na wewe utafanya nini?"

"Nitatupa mawe ya kwanza. Halafu nitafagia."

"Wifi, una miaka hamsini na miwili. Kufagia ni kazi."

"Kwani miaka yote hii nilikuwa nafanya nini?"

"Unapiga kelele," Gail akasema, na Gail hajawahi kumsema mtu tangu aolewe. Tamsin akacheka mpaka bia ikamtoka puani, Colleen akacheka huku analia, na mimi nikawatukana wote watatu kwa majina yao kamili.

Jumapili saa tatu asubuhi Colleen akasimama pale nilipozoea kusimama mimi. Akainua ufagio. Nikatupa mawe yangu mawili, moja baya, moja la kuvumilika. Kisha zamu ya Gail, jiwe likaja, na mimi na Tamsin tukaliwahi mbele, tumeinama, tunasugua barafu kama tuliotumwa na serikali.

"Fagia, Rhonda!" wifi yangu akapiga kelele kutoka kule mwisho. Miaka tisa ya kunyamaza ilikuwa ndani ya ile sauti. "Fagia! Usisimame! Fagia wewe!"

Nikafagia. Mgongo ukalia, magoti yakalia, jasho likanimwagika mpaka puani, la umri au la kazi sijui, na sikuwa na nafasi ya kuuliza. Mara moja tu nikainua macho kuona nani ananitazama. Hakuna mtu. Wote walikuwa wanalitazama jiwe, nalo lilikuwa linapinda pale pale Colleen aliposema litapinda.